Ufunguo Usiokumbukika

Neno la siri ni ufunguo wa mlango usioonekana. Ufunguo mwema hukumbukwa na mwenyewe, wala mwizi hawezi kuubuni. Lakini katika ofisi nyingi karani huamriwa kuubadili kila siku 90, tena achanganye herufi, tarakimu na alama. Karani si mkaidi, ila kichwa chake ni kimoja na milango ni mingi. Basi huongeza 1 mwishoni, kisha 2, kisha 3. Au huliandika neno katika karatasi, akaificha chini ya kibodi. Amri imetiiwa, na mlango umebaki wazi.

Amri hiyo ilienea kwa mwongozo wa mwaka 2003 ulioandikwa na Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka 2017 taasisi ile ile ilishauri kutolazimisha mabadiliko pasipo dalili ya siri kuvuja, ikapendelea maneno marefu. Burr naye, akiwa amestaafu, alikiri kujutia mengi aliyoyaandika. Mwandishi wa amri ametubu. Wenye kuitekeleza wangaliishika.

Mtumishi mwenye busara huwapelekea wakubwa wake mwongozo mpya kwa adabu. Sheria isiyopima uwezo wa mtu humfundisha hila.