Papa Asiyekula Watu

Mkulima wa Kitale na karani wa Bungoma wako mbali na bahari. Hata maji ya mto wao Nzoia huishia Ziwa Viktoria. Basi wakisikia jina la papa, huwaza meno tu. Lakini yuko papa mmoja, mkubwa kuliko samaki wote duniani, asiyemdhuru mtu. Wavuvi wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa meupe mgongoni. Katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, jina lake ni potwe.

Karibu na Kilindoni, Mafia, potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Aweza kupita urefu wa mita 12, naye hula uduvi na vijidudu vya majini. Mto Rufiji humwaga rutuba katika bahari hiyo, kama samadi shambani, na chakula hicho hustawi.

Mgeni huvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, akateremka taratibu kutoka mashuani. Hamgusi samaki, hamzibii njia, wala hausogelei mkia.

Mwenye hatari hapo ni samaki. Tangu mwaka 2016 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka, kwa kuwa nyavu na meli humwua, naye hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa. Wenye mashua wa Kilindoni hupata riziki kila msimu akiwa hai. Mfuga ng'ombe wa Kitale ataelewa upesi: aliyechinjwa leo hakamuliwi kesho.