Ziwa Hutoa Linavyonyonywa

Dada yangu msomaji, siku ya tano baada ya kujifungua nilishikwa na homa ya uzazi. Daktari alinipa dawa isiyomdhuru mtoto, akaniambia niendelee kunyonyesha. Lakini maziwa yalipungua, mtoto akawa analia usiku kucha. Majirani wakasema, "Ziwa limekauka, mpe kopo." Mama akasema, "Mpe kidogo kwa kikombe asikae na njaa, lakini kila mara mtangulize ziwani. Ziwa hutoa linavyonyonywa." Nikashika neno lake usiku na mchana. Kufika siku ya arubaini, kikombe nimekwisha kukiweka kabatini.

Aya ya 233 ya Suratul Baqara yataja miaka miwili kwa atakaye kutimiza, na yakataza mama kudhuriwa kwa ajili ya mwanawe. Basi usikate tamaa mapema, wala usijilaumu ukishindwa.