Jipu na Boma la Mwili

Wakata miwa wa Kakamega hawakosi majipu. Ukingo wa jani la muwa una meno madogo kama ya msumeno. Hukwaruza mikono na shingo, jasho na vumbi huingia, na baada ya siku chache mtu huanza kuugua. Mimi si daktari, walakini nimekaa na watu hao miaka mingi, na nimeona jinsi vidole viwili vinavyoweza kuharibu kazi njema ambayo mwili umekwisha kuifanya.

Ngozi ni boma. Tabaka lake la juu ni chembe zilizokufa, zimepangana kama vigae, nazo hubanduka na kufanywa upya kila baada ya majuma manne hivi. Jasho na mafuta huipa ngozi uchachu kidogo ambao wadudu wengi wa maradhi hawaupendi. Tena juu yake wanaishi wadudu wasio na madhara, wapangaji wa zamani, ambao huwanyima wageni nafasi. Adui mkubwa wa majipu alionwa mwaka 1880 na Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Aberdeen, Uskoti, alipotazama usaha kwa darubini akaona wadudu wamesongamana kama kichala cha zabibu. Baadaye alimwita stafilokoka. La ajabu ni kwamba, kwa watu kama watatu katika kila kumi, mdudu huyo hukaa puani bila ya kuwadhuru. Anangoja ufa tu.

Apatapo ufa, damu hupakimbilia mahali pale, pakavimba na kuwa pa moto. Chembe nyeupe za damu hutoka mishipani zikawameza wadudu. Ilya Mechnikov, mtaalamu wa Kirusi, alianza kulifahamu jambo hili mwaka 1882, alipomchoma kwa miiba mtoto wa kiti cha pweza, akaona chembe zimeuzunguka mwiba. Basi usaha tunaouchukia ni mizoga ya askari hao pamoja na adui zao, na kandokando yake mwili hujenga ukuta ili vita visienee. Hata mtoki unaovimba kinenani mtu awapo na kidonda mguuni si ugonjwa wa pili. Ni kituo cha walinzi, na kuukanda kwa nguvu hakufai kitu.

Anayebinya jipu huubomoa ukuta huo upande wa ndani. Kijana mmoja, jirani yangu, aliotwa na jipu juu ya mdomo, na wenzake wakalibinya. Usiku ule uso ulivimba hata jicho likafumba, homa ikampanda, akaanza kuweweseka. Alilazwa hospitalini majuma mawili akipigwa sindano. Mishipa ya damu ya mahali hapo, baina ya pua na mdomo, huungana na ile iliyo karibu na ubongo. Yeye alipona, wako wasiopona.

Tangu mwaka 2015, John Magufuli alipokuwa Rais wa Tanzania, maneno “kutumbua majipu” yamependwa hata huku kwetu, na katika siasa sina ugomvi nayo. Lakini jipu la mwilini hutumbuliwa na mganga wa hospitali, kwa kisu kilichosafishwa, usaha wote ukatoka. Lile dogo hutaka kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza, mara tatu au nne kwa siku, mpaka lipasuke lenyewe. Kisha lifunikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Wengi hukimbilia vidonge vilivyobaki nyumbani. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928 katika kisahani cha stafilokoka huyohuyo, leo haiwaui wengi wa jamaa zake, na kumeza nusu ya dawa huwafundisha ukaidi. Mwenye homa, mwenye jipu la usoni, mwenye kisukari, na mtoto mchanga, hao wasingoje maji ya moto. Wapelekwe kwa mganga siku ileile.