Kiti cha nyuma nacho kina mwenyewe

Kwa miaka minne, Jumamosi nyumbani kwetu ilikuwa siku isiyo na baba. Nikishakunywa chai nawasha pikipiki, naelekea gereji moja hapa Tabata tunakokutana watu watano au sita wenye pikipiki kubwa za safari ndefu. Mmoja ana BMW inayoendeshwa kwa shafti badala ya cheni, na hachoki kutukumbusha. Mwingine ana Yamaha Ténéré. Mimi nina Honda Transalp ya zamani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika.

Pale tunazungumza cheni, oili, plagi na tairi mpaka jua linazama. Kila mmoja ana lake aliloongeza. Huyu kaweka vyuma vya kukinga injini, yule kioo kirefu cha kukata upepo. Langu lilikuwa boksi. Nilimpa fundi wa kuchomelea arefushe keria ya nyuma, nikafunga juu yake boksi kubwa linalomeza kofia ngumu mbili na nguo za safari. Wenzangu walilizunguka wakilisifu, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Mke wangu alipanda mara moja tu, tukaenda Bagamoyo na kurudi. Aliposhuka akasema, "Baba, huku nyuma panayumba. Na magoti yananiuma, miguu inakunjwa mno." Nikamjibu kwamba ni ubovu wa barabara, atazoea. Hakubisha. Alivua kofia, akaingia ndani.

Mwaka jana tukaalikwa Iringa kwenye mahari ya binti wa kaka yake. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania twende na pikipiki. Wiki nzima nilishinda gereji: nikabadilisha oili na pedi za breki, nikakaza cheni. Niliikaza pikipiki ikiwa tupu, haina mtu wala mzigo, kama nilivyozoea ninaposafiri peke yangu.

Kwenda tulifika salama, ingawa pale Mikumi, kila tulipovuka tuta, nilisikia cheni ikilalamika. Nikajifanya sijasikia.

Mambo yalikuwa wakati wa kurudi. Shemeji alitupa maharage, na Ilula mke wangu akanunua vitunguu. Vyote nikavisukumia ndani ya boksi. Mlima Kitonga tuliushuka polepole nyuma ya malori. Tulipopita Ruaha Mbuyuni, barabara ikanyooka katikati ya mibuyu, nikaongeza mwendo. Nilipokaribia kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kucheza, kushoto kulia, kushoto kulia. Kwanza kidogo, halafu kama kuna mtu anaukung'uta. Mbele yetu basi linakuja. Mikono ya mke wangu ilinibana kiunoni, lakini hakupiga kelele. Sikugusa breki. Niliachia mafuta taratibu mpaka usukani ukatulia, nikasogea kando chini ya mbuyu.

Hatukuongea kwa muda. Yeye ndiye aliyezunguka nyuma na kuinama. "Njoo uone," akasema. Keria ilikuwa imepasuka pale ilipochomelewa, imebaki imeshikwa na upande mmoja. Akaniambia bila hasira, "Pikipiki hii umeitengeneza ya mtu mmoja, halafu unanipakia."

Ndugu msomaji, kilichoniuma ni kwamba yote niliyajua. Mzigo ukikaa nyuma kupita ekseli ya tairi, pikipiki inakuwa kama ubao wa kubembea wa watoto: nyuma inashuka, mbele inainuka, na tairi la mbele ambalo ndilo linaloongoza linakosa uzito wa kushika barabara. Springi ya nyuma nilikuwa nimeiacha kwenye kipimo cha mtu mmoja. Upepo wa tairi la nyuma vivyo hivyo, wakati watu wawili na mzigo wanahitaji zaidi. Na cheni huachiwa mchezo kidogo kwa sababu uzito ukiikalisha pikipiki chini, cheni inazidi kukaza. Mimi niliumaliza mchezo wote. Mambo hayo nilikuwa nikiwafundisha wenzangu pale gereji. Katika hesabu zangu zote, aliyekosekana ni mke wangu.

Tulisimamisha basi. Yeye, boksi na vitunguu vikatangulia Dar es Salaam. Mimi nikafuata peke yangu, kama nilivyoitengeneza.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba twende wote gereji. Wenzangu walisimama, "Karibu shemeji," wakamtafutia kiti. Fundi alituambia tupande wote wawili, ndipo akapima cheni na kurekebisha springi. Keria ya awali, ile fupi, ikarudi mahali pake. Mzigo sasa unakaa kwenye mifuko miwili ya pembeni, chini na karibu na katikati. Vya kukanyagia miguu ya abiria vikashushwa kidogo, kwa bolti safari hii. Kila hatua fundi alikuwa akimwuliza yeye: "Hapo vipi, mama?" Boksi langu liko stoo, limejaa chakula cha kuku.

Wenzangu walicheka sana siku ile. Lakini wiki mbili baadaye mwenye BMW alinivuta pembeni. Mkewe aligoma kupanda tangu mwaka juzi. Nikamwuliza, "Ulishamwuliza sababu?" Akanyamaza, akaangalia kiti chake cha nyuma.

Siwaambii wenzangu waache kuongeza vitu kwenye pikipiki zao. Raha yake naijua. Nawaomba tu, kabla ya kwenda kwa fundi, wamwulize anayekaa nyuma. Yeye hashiki usukani, haangalii mshale wa mwendo, kazi yake ni kukaa na kusikilizia chombo. Kuna ubovu ambao dereva huusikia wa mwisho.

Mwezi uliopita tulikwenda Tanga. Kabla ya kuondoka alipanda, akajitikisa mara mbili, akatulia akisikiliza. Nilisubiri injini ikiwa imezimwa.

"Upepo wa nyuma bado," akasema. Nikashuka kupima. Kweli ulikuwa umepungua.