Ocean Road, Nyumba ya Wagonjwa Kando ya Bahari

Mtu atokaye Feri ya Dar es Salaam akifuata ufuko, akaipita Ikulu, hukuta mkono wake wa kushoto jengo jeupe la kale lenye minara. Wajerumani walilifungua mwaka 1897 liwe hospitali ya Wazungu. Wenyeji na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na mali ya tajiri Sewa Haji. Tangu mwaka 1996 mahali hapo ni Taasisi ya Saratani, na wanaokaa katika mabenchi yake leo ni watu wa kila upande: Kigoma, Bukoba, Mtwara, na Unguja pia.

Nilikaa nao siku tatu, nilipomsindikiza jirani yangu. Upepo wa pale ni mwanana, mivinje yavuma, na asiyejua angedhani wale wamekuja kupunga hewa. Lakini matibabu ya mionzi aghalabu huchukua majuma, siku tano katika kila juma, na mgonjwa wa mbali hana budi kukaa mbali na watu wake muda huo wote. Hapo ndipo uingiapo ugonjwa wa pili. Mwanamke aliyekatwa titi huwaza kama mumewe atamtazama tena. Mwenye saratani ya shingo ya kizazi huona haya kwa harufu, akajitenga na wenzake. Mkulima huhesabu nauli, na msimu wa kupanda unampita. Wako na ambao jamaa zao wamewatengea kikombe, ingawa saratani haiambukizi kwa kula pamoja wala kwa kugusana.

Jambo hili madaktari wamelichunguza. Bibi Jimmie Holland, daktari wa New York, alianza mwaka 1977 kuongoza huduma ya mambo ya nafsi katika hospitali ya saratani ya mji huo. Baadaye yeye na wenzake wakachagua neno dhiki, kwa kuwa mtu huona haya kuambiwa ana ugonjwa wa akili, bali kusema "nina dhiki" haoni haya. Pakachorwa kipimo mfano wa kipimajoto, kuanzia 0 hadi 10, mgonjwa atie alama ya dhiki yake ya juma lililopita. Ifikapo 4 au zaidi, huulizwa: je, ni nauli, ni watoto, ni hofu, ni ibada? Nakipenda kipimo hiki kwa kuwa chaanza na kuuliza.

Sisi hutangulia kujibu. Mgonjwa akidondosha chozi, wajomba watatu humwambia asubiri. Hunyamaza, nao wakadhani amesubiri. Nabii Yaakub alilia juu ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na hakuna amwitaye mtu asiye na subira. Huyo anyamazaye huenda halali, hali, na amekwisha azimu kuacha mionzi katikati arudi kwao. Kukosa usingizi na hamu ya chakula huweza pia kutokana na maumivu au dawa, kwa hiyo daktari na aambiwe.

Jioni ya tatu, kijana mmoja wa Ujiji alimwuliza mamaye, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, "Mama, usiku wawaza nini?"

Mama yule akakaa kitambo, kisha akasema, "Mbuzi wangu. Wameachiwa nani?"

Kijana hakucheka. Alitoa simu, akampigia dada yake, akaisogeza sikioni mwa mamaye.