Kabla Hujalazimisha, Uliza Faili Ni ya Nani

Watu wangu, leo nina neno na wale wanaofundisha wengine kulazimisha programu iingie.

Kuna kosa linasumbua sana wanaojifunza JavaScript kwa Ubuntu 22.04. Ubuntu hiyo ilitoka Aprili 2022 ikiwa na Node.js 12, na mwezi huo huo toleo hilo likaacha kutunzwa na waliolitengeneza. Kwa hivyo mtu anachukua toleo jipya, tuseme 18, kutoka hazina ya nje. apt inashusha vizuri, halafu dpkg inagoma: kifurushi cha nodejs kinataka kuandika juu ya /usr/include/node/common.gypi, na faili hiyo tayari ni ya libnode-dev.

Hapo ndipo washauri huja mbio. "Weka --force-overwrite, itapita." Na kweli inapita, bana. Lakini dpkg haikuwa na kiburi, ilikuwa inakuambia vifurushi viwili vinadai faili moja. Ukilazimisha, faili za 18 zinakaa pamoja na mabaki ya 12 kwa folda moja. Siku moduli fulani itakataa kujengwa, utajua shida ilianzia wapi?

Wengine husema futa mfumo wote uanze upya. Kwa bando ya nani? Faili ya kusakinisha Ubuntu inapita GB 3. Jirani yangu wa hosteli alikuwa karibu kufanya hivyo, na amebakisha siku mbili awasilishe mradi wa mwaka wa nne. Tukakaa chini tukausoma ule ujumbe hadi mwisho, kitu ambacho watu hawafanyi kabisa. Jina la kifurushi lilikuwa pale pale. Tukahakikisha:

dpkg -S /usr/include/node/common.gypi

Halafu:

sudo apt remove libnode-dev

Usibonyeze Y kama unafukuza nzi. Angalia kwanza orodha ya vinavyoondoka. Yake ilikuwa na npm, akashtuka, lakini ile nodejs ya nje huja na npm yake ndani. Tukarudia sudo apt install nodejs, ikaingia bila kelele, na mradi ukawaka usiku huo huo.

Nyinyi wa Arch, swali ni lile lile, ila mnauliza kwa pacman -Qo. Ikisema faili haina mwenyewe, ihamishe kando kwanza. Usiifute.