Hata Chuo Kikuu Watu Huanza na Herufi



Huenda una mtoto au mjukuu aliyemaliza kidato cha sita. Amekuambia anataka kwenda chuo kikuu kusoma lugha. Si udaktari, si sheria, bali lugha ya kigeni: Kifaransa, Kichina au Kiarabu. Pengine umeguna. Umejiuliza, "Lugha nayo ni kazi? Mbona sisi Kiswahili tulikiokota sokoni bila ada?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi hapa kijijini kwetu, Usukumani. Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua nilisoma Kirusi. Basi nataka kukueleza kazi hiyo ilivyo. Kama ulijifunza kusoma ukubwani, utanielewa upesi kuliko watu wengi.

Mwezi wa Septemba 1974 nilifika Moscow, mji mkuu wa nchi iliyoitwa wakati huo Umoja wa Kisovieti. Nilikwenda kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Mwaka 1961 kilipewa jina la Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye aliuawa mwaka huo. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991. Mwaka 1992 jina la Lumumba liliondolewa, na mwaka 2023 likarudishwa. Chuo kipo hata leo.

Kilimo chenyewe hakikuanza siku ile. Masomo yote yalitolewa kwa Kirusi. Kwa hiyo kwanza tulipewa mwaka mmoja wa kujifunza lugha, na mwisho wake mtihani. Bila kushinda, huwezi kuingia darasa la kilimo. Nyumbani walikuwa wamechinja mbuzi kuniaga. Nilikuwa na umri wa miaka 22. Kisukuma nilikinyonya kwa mama, Kiswahili na Kiingereza nilivipata shuleni. Sasa nilikaa kwenye dawati na kalamu mkononi, mbele ya ubao wenye herufi nisizozijua.

Herufi za Kirusi ni 33. Baadhi ni kama zetu: A, K, M, O, T. Hizo hazina taabu. Taabu ni zile zinazofanana na zetu lakini sauti zake ni nyingine. P kwao ni "r". H kwao ni "n". C ni "s". B ni "v". Ile inayofanana na Y ni "u". Sasa tazama neno hili kama linavyoandikwa mlangoni pa nyumba zinazouza chakula: PECTOPAH. Mtu anayejua herufi zetu atasoma "pektopa". Wenyewe husoma "restoran", yaani mkahawa. Na neno PYKA husomwa "ruka". Maana yake si kuruka. Ni mkono.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima. Hakujua Kiswahili, na Kiingereza hakutaka kukisikia darasani. Alishika meza, akasema "stol". Alishika kitabu, akasema "kniga". Akanyosha kidole dirishani, akasema "okno". Tulirudia sote, watu wa nchi nyingi, kama watoto wa darasa la kwanza. Vijana waliokuwa hodari wa kusema kwao walikaa kimya, kwa sababu mtu mzima huona haya kutamka vibaya mbele ya wenzake. Wewe uliyekwenda darasa la kisomo unaijua haya hiyo. Unajua jinsi mkono unavyotetemeka ukiitwa ubaoni.

Maneno mengine yalituchekesha sisi Watanzania. Asubuhi tuliambiwa tutakula kasha. Kwao kasha ni uji mzito wa nafaka. Baba kwao ni mwanamke, tena neno la kumwita hivyo si la heshima sana. Nyanya ni yaya anayelea mtoto. Lakini chai ni chai. Siku ya kwanza kuomba chai na kuletewa chai, nilijiona niko karibu na nyumbani.

Baada ya herufi na majina ya vitu ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Hapa ndipo lugha ya chuoni inapotofautiana na lugha ya sokoni. Sokoni unajifunza kusema. Chuoni unajifunza pia kwa nini inasemwa hivyo.

Chukua mfano wa kitabu. Sisi tukisema vitabu, tumebadili mwanzo wa neno. Warusi hubadili mkia. Kitabu ni "kniga". Lakini ukisema unasoma kitabu, kitakuwa "knigu". Ukisema huna kitabu, kitakuwa "knigi". Tena majina ya vitu vyao yamegawanyika makundi matatu. Meza ni ya kiume, kitabu ni cha kike, dirisha si la kiume wala la kike. Kijana mmoja wa kwetu aliuliza kwa nini meza iwe mwanamume. Mwalimu akajibu kwamba ndivyo ilivyo.

Nikacheka, halafu nikawaza. Je, mgeni akiniuliza mimi kwa nini tunasema "mti umeanguka" lakini "kiti kimeanguka", nitamjibu nini? Sikuwahi kufikiri jambo hilo maishani mwangu. Hata neno kitabu lina hadithi yake. Limetoka Kiarabu, na huko "ki" si kitu cha kuondoa, ni sehemu ya neno. Waswahili walisikia "ki" wakalipokea kama kiti na kisu, wakasema vitabu. Mgeni aliingia nyumbani akavishwa nguo za kwetu. Mambo haya nilianza kuyatafuta nikiwa mbali, kwa sababu ya meza ya Warusi.

Jambo lililonipendeza zaidi ni vitenzi vya kwenda. Kirusi kina neno moja la kwenda kwa miguu, na jingine la kwenda kwa chombo, kama vile basi au treni. Ukisema tu "ninakwenda", msikilizaji amekwisha jua kama unatembea au umepanda. Vilevile kuna kusoma kwa kuendelea na kusoma hadi mwisho, nayo ni maneno mawili. Ukiulizwa kama ulisoma kile kitabu, hapana pa kujificha. Ukitumia neno la kwanza, watajua huenda hukumaliza.

Mwaka uleule, mama yangu naye alikuwa darasani. Wazee watakumbuka. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha Serikali ikaweka lengo la kufuta ujinga wa kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Kwetu ni wakulima wa pamba, na vitabu vya kisomo vilieleza habari za pamba. Mama alisoma chini ya mwembe, jioni, baada ya jembe.

Usisahau kwamba yeye alisomeshwa kwa Kiswahili, naye alikuwa mtu wa Kisukuma. Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi tu. Kwa hiyo alibeba mizigo miwili kwa pamoja, herufi na lugha. Mimi nilikuwa na chumba chenye joto, posho na mwalimu wa kutwa. Nikilinganisha, mzigo wake ulizidi wangu.

Alikuwa na sababu yake. Barua zangu alikuwa akisomewa na jirani. Jirani alisoma kwa sauti kubwa, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilijua nimeugua mafua na nimeomba nini. Mama hakupenda.

Mwezi wa Agosti 1975 palifanyika mtihani wa kisomo nchi nzima. Baada ya muda nilipata barua fupi. Herufi zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka. Ilisema wao ni wazima, pamba imeuzwa, na barua yangu ameisoma mwenyewe, asubuhi, nyumbani. Kwa mara ya kwanza aliniuliza mambo ambayo mama humwuliza mwanawe wakiwa wawili tu. Hayo sitayaandika hapa.

Mimi nami nilishinda mtihani wangu, nikaingia kilimo. Kirusi kilinifungulia vitabu vya udongo na mbegu. Wapo wenzangu waliosoma huko wakarudi wakajifanya wamesahau Kisukuma. Sijui walikisahau wapi, maana mzigo wa lugha hauangushwi njiani kama kofia.

Wala usidhani ni sisi tu tunaohangaika na lugha za wengine. Mwaka uleule wa 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kirusi ilichapishwa Moscow, chini ya mtaalamu aitwaye Olderogge. Nilikutana na wanafunzi wa Kirusi waliokuwa wakisoma Kiswahili. Walitaabika na "kimeanguka" na "umeanguka" kama mimi nilivyotaabika na "kniga" na "knigu". Tulisaidiana.

Leo vijana wetu wengi hutazama Uchina. Mwaka 2013 ilifunguliwa taasisi ya kufundisha Kichina katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Binti wa jirani yangu anasoma lugha hiyo, mwaka wa pili. Baba yake alikuja kuniuliza kabla hajamruhusu. Sikumwambia kwamba kazi ipo tayari inamngoja, maana hilo siwezi kuliahidi. Nilimwambia kwamba si mchezo. Kichina hakina herufi kama zetu. Kila alama ni neno au sehemu ya neno, na kusoma gazeti kwahitaji kujua alama kama 2,000 au 3,000. Tena sauti ikipanda au ikishuka, maana hubadilika. "Ma" ikitamkwa juu, bila kutikisika, ni mama. Ikishuka kisha ikapanda, ni farasi.

Likizo iliyopita binti alikuja na daftari la miraba. Alama ya mtu ina mistari miwili, kama mtu aliyesimama ametanua miguu. Alama ya mti ikiandikwa mara mbili, bega kwa bega, ni msitu. Bibi yake, ambaye hajui Kichina hata kidogo, alizitamka zile "ma" mbili vizuri kuliko sisi sote. Kisukuma nacho hupandisha na kushusha sauti, na bibi hajazoea lugha nyingine. Binti alimwomba arudie, akaandika jambo fulani pembeni mwa daftari. Wakati huo watoto walikuwa wamekwisha okota vijiti, wanachora msitu kwenye mchanga uani.